Kubeba Jiwe Si Kushirikishwa

Siku hizi ni vigumu kupata ripoti ya mradi wa ujenzi, uwe wa shule, zahanati au soko, isiyotaja kwamba jamii ilishirikishwa. Mara nyingi ushahidi wake ni picha: akina mama na ndoo za maji kichwani, vijana wanachimba msingi, mzee wa kijiji amesimama pembeni akiwa na kofia ngumu aliyoazimwa kwa ajili ya kamera. Picha hizo si za uongo. Watu walikuwepo na kazi waliifanya. Lakini kuna swali la maadili, na kwa maoni yangu ni la dini pia, ambalo picha haiwezi kulijibu: mtu aliyebeba jiwe la ukuta ambao hakuulizwa kama unatakiwa, wala ujengwe wapi, ameshirikishwa katika nini hasa? Ninachotetea ni kwamba kushirikisha watu huanza na haki yao ya kusema, pamoja na haki ya kusema hapana. Mikono ikitangulia neno, kazi ile inakuwa jirani ya shokoa, yaani kazi ya kulazimishwa, hata jengo likipendeza namna gani.

Tuanze na jengo linalosifiwa kwa haki. Hospitali ya wilaya ya Butaro iko Burera, kaskazini mwa Rwanda, karibu na mpaka wa Uganda. Ilifunguliwa Januari 2011 kwa ajili ya wilaya yenye watu zaidi ya laki tatu ambayo hapo nyuma haikuwa na hospitali yake. Wenye mradi walikuwa Wizara ya Afya ya Rwanda na shirika la Partners In Health, ambalo Paul Farmer alikuwa mmoja wa waasisi wake. Wachoraji walikuwa MASS Design Group, kampuni ya usanifu isiyogawana faida, iliyoanza mwaka 2008 kwa Michael Murphy na Alan Ricks, wakati huo wanafunzi wa usanifu Harvard. Ofisi yake ya Kigali imekua tangu hapo, na Wanyarwanda ndio wanaochora sehemu kubwa ya kazi zake nchini. Murphy amesimulia hadharani kwamba kilima kilihitaji kusawazishwa, na njia aliyoijua ilikuwa tingatinga. Mhandisi Mnyarwanda, Bruce Nizeye, akamwonyesha njia nyingine, ubudehe, desturi ya watu kuungana kulima kabla ya mvua. Wakaja mamia ya watu na majembe na koleo, na kwa maelezo ya Murphy kilima kikasawazishwa kwa nusu ya muda na nusu ya gharama ya tingatinga. Mpaka mradi unakwisha, watu wapatao 4,000 walikuwa wamepata ajira pale kwa zamu.

Ukuta wenyewe unastahili kutazamwa kwa karibu. Milima ya Virunga imetapanya mawe meusi ya volkeno katika mashamba ya eneo lile, na mkulima huyajua kama kero inayovunja mpini wa jembe; huyaokota na kuyarundika pembezoni mwa shamba. Butaro mawe hayo ndiyo yaliyojenga hospitali. Waashi waliyachonga moja moja kwa nyundo na kuyapanga yakishikana kwa karibu, saruji ikifichwa ndani ya maungio, hata ukuta ukaonekana kana kwamba hauna kilichoushikilia. Kampuni inaeleza kwamba waashi waliojifunzia pale wameendelea kuitwa katika miradi mingine. Hilo ni jambo kubwa. Kibarua huondoka na pesa ya siku, inaisha jioni; mwashi wa Butaro aliondoka na kitu ambacho njaa haiwezi kukila.

Basi Butaro ina mikono, ina ujira, ina ufundi uliobaki. Je, hayo yanatosha? Maandiko ambayo wengi wetu tumelelewa nayo yana mengi ya kusema kuhusu watu wanaobeba matofali, na hayasemi mamoja. Katika kitabu cha Kutoka, Waisraeli wanafyatua matofali ya Farao, na Musa anapodai ruhusa, jibu ni kunyimwa majani huku hesabu ya matofali ikibaki ileile. Mtu atasema mfano huo ni rahisi mno, kila mtu anamjua Farao kuwa dhalimu. Basi tumchukue Sulemani, mfalme mwenye hekima, anayejenga nyumba ya Mungu. Kitabu cha kwanza cha Wafalme kinasema alitoza shokoa Israeli yote, watu 30,000, akiwapeleka Lebanoni kwa zamu, 10,000 kila mwezi. Hekalu likakamilika, likawekwa wakfu, na sifa zake zikaenea. Lakini alipokufa, watu walimjia mwanawe Rehoboamu na ombi moja tu: nira ipunguzwe. Akawajibu kwa ukali, na alipomtuma Adoramu, msimamizi wa shokoa, watu wakampiga mawe akafa, na ufalme ukagawanyika. Mwandishi wa kitabu kile hafichi kwamba nyumba takatifu kuliko zote ilibebwa na watu waliohesabu siku za kulazimishwa. Utakatifu wa jengo haukuitakasa njia iliyotumika kulijenga.

Upande wa pili yuko Nehemia, ambaye wanaharakati wa maendeleo ya jamii wangemfurahia sana. Sura ya tatu ya kitabu chake ni orodha ndefu ya majina, makuhani, mafundi wa dhahabu, wauza manukato, mtu mmoja na binti zake, kila mmoja na kipande chake cha ukuta wa Yerusalemu, baadhi yao mbele ya nyumba zao wenyewe. Orodha hiyo inawataja hata wakuu wa Tekoa waliokataa kutia shingo kazini; inaonekana hata wakati ule kulikuwa na wakubwa waliopenda kupigwa picha tu. Ila wahubiri wanaoisoma sura hii kwenye harambee mara nyingi huishia hapo na kuruka sura ya tano. Humo, ukuta ukiwa haujakamilika, maskini wanapiga kelele: wameweka rehani mashamba na mizabibu ili wapate nafaka, na watoto wao wanauzwa utumwani kwa ndugu zao matajiri. Walikuwa wakijenga mji wao huku wakipoteza mashamba yao. Nehemia hakuwaambia wavumilie mpaka ukuta uishe. Aliitisha mkutano mkubwa, akawalazimisha wakopeshaji warudishe mashamba na riba, na yeye mwenyewe kwa miaka 12 hakula posho ya uliwali. Kwake, malalamiko ya wabeba mawe yalikuwa sehemu ya kazi ya ukuta, na yalisikilizwa katikati ya kazi.

Sira ya Mtume Muhammad (s.a.w.) inalisema jambo hilohilo kwa utaratibu wenyewe wa matukio. Alipofika Madina, mahali palipochaguliwa kwa ajili ya msikiti palikuwa uwanja wa kuanikia tende, mali ya mayatima wawili, Sahl na Suhayl. Inasimuliwa kwamba walitaka kuutoa bure kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Mtume hakukubali mpaka bei ikatajwa na kulipwa. Baada ya hapo ndipo ujenzi ukaanza, naye akabeba matofali pamoja na masahaba. Kumwona kiongozi akibeba tofali kunagusa moyo, na ndiko kunakosimuliwa zaidi. Lakini tofali lilikuja baadaye. Kilichotangulia ni watoto wawili wasio na baba kuulizwa kuhusu mali yao, na utayari wao wa kutoa kutochukuliwa kuwa sababu ya kutowalipa. Ikiwa mayatima waliokubali kwa moyo mmoja walistahili bei, sioni jinsi mradi wa leo unavyoweza kuchukua ardhi na jasho la wanakijiji kwa hoja kwamba hakuna aliyepinga.

Kwa kipimo hicho Butaro inafaulu kwa sehemu kubwa, na panapobaki swali tuseme wazi. Ujira ulilipwa na ufundi ukabaki. Neno pia lilikuwepo mahali fulani: pendekezo la Nizeye lilibadili njia ya kazi, na ukuta wenyewe usingewezekana bila waashi wanaoyajua mawe yale. Lakini uamuzi wa kujenga hospitali ulitoka wizarani na kwenye shirika. Labda hakuna mtu Burera ambaye angekataa hospitali. Hata hivyo haki ya kusema hapana haipimwi kwa idadi ya waliowahi kuitumia, na katika nchi ambako umuganda, kazi ya jamii ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ni wajibu wa kisheria kwa kila mtu wa miaka 18 hadi 65, mpaka kati ya kujitolea na kuitikia amri unahitaji kulindwa kwa makini zaidi. Nchi ileile ina kumbukumbu ya uburetwa, kazi ya lazima kwa chifu ambayo wakoloni waliirithi na kuifanya nzito zaidi. Jembe la ubudehe na jembe la uburetwa lilikuwa lilelile.

Pingamizi la kwanza dhidi ya hoja hii linatoka kwa wataalamu, na ni zito. Ujenzi wa hospitali, watasema, si jambo la kupigiwa kura. Mwaka 2006 watafiti waliripoti kutoka Tugela Ferry, KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, wagonjwa 53 wenye kifua kikuu sugu kilichoshinda karibu dawa zote. 52 kati yao walikufa, na wengi walielekea kuambukizwa hospitalini kwenyewe. Jengo lililokusudiwa kuponya lilikuwa njia ya ugonjwa. Ndiyo maana Butaro haina korido za ndani ambamo wagonjwa hukohoa wakisubiri. Korido zake ziko nje. Wodi zina dari ya juu, mapangaboi makubwa ya kusukuma hewa na taa za kuua vijidudu, na vitanda vimepangwa katikati, mgongo kwa mgongo, ili kila mgonjwa atazame dirisha na mabonde yaliyo nje badala ya kumtazama mgonjwa mwenzake. Mkutano wa kijiji hauwezi kukadiria hewa ya wodi ibadilike mara ngapi kwa saa. Kweli kabisa, na anayedai kwamba unaweza anawapotosha wanakijiji. Lakini kuna maswali ambayo mtaalamu naye hana jibu lake mpaka aulize. Katika hospitali zetu mgonjwa haji peke yake. Huja na mama, shangazi au mdogo wake, naye lazima apike, afue na alale mahali. Njia ya kwenda kisimani inapita wapi? Kaburi la nani liko chini ya jengo la wazazi? Mahesabu ya upepo hayagusi hata moja kati ya hayo. Na hata kuhusu hewa yenyewe, utaalamu usiomshawishi mtumiaji huvunjwa na mkono mmoja. Burera ni nyanda za juu, usiku wake ni wa baridi kali. Muuguzi au mgonjwa asiyeelewa kwa nini dirisha limewekwa wazi atalifunga, na wodi iliyochorwa kwa uangalifu mkubwa itageuka kuwa chumba cha kawaida chenye hewa iliyotuama. Kueleza mpaka watu waridhike ni kazi ya usanifu kamili, tena inayotangulia msingi.

Anayedhani upendo kwa watu unaweza kuchukua nafasi ya kuwauliza amwangalie Hassan Fathy. Hakuna msanifu wa karne iliyopita aliyeheshimu ufundi wa wanyonge kumzidi. Katikati ya miaka ya 1940 Idara ya Mambo ya Kale ya Misri ilimpa kazi ya kujenga kijiji kipya, Gourna Mpya, ng'ambo ya Luxor, ili wakazi walioishi juu ya makaburi ya kale wahamishwe. Fathy aliwaleta waashi wa Kinubi kutoka Aswan, akafufua kuba na matao ya matofali ya udongo, akataka kila familia ichorewe nyumba inayolingana na maisha yake. Aliwashirikisha katika kila kitu isipokuwa swali moja, na hilo halikuwa mikononi mwake: je, mnataka kuhama? Watu wa Gourna hawakutaka. Wengi walikataa, mradi ukasimama kabla ya kukamilika, na Fathy akaandika kitabu kizima cha majonzi kuhusu jambo hilo. Wasomaji wake mara nyingi wanalaumu urasimu wa Misri, nao unastahili lawama. Mimi naona kosa liko nyuma zaidi. Ukimpa mtu uhuru wa kuchagua umbo la kuba wakati kuhamishwa kwake kumeshaamuliwa, umemshirikisha katika mapambo.

Sisi Watanzania hatuhitaji kwenda Misri. Mwaka 1968 Nyerere aliandika kwamba watu hawaendelezwi, hujiendeleza wenyewe, na akaonya dhidi ya kuwaswaga kama wanyama. Novemba 1973 kuishi katika vijiji kukatangazwa kuwa amri, na mamilioni wakahamishwa. Wazo lilikuwa la ushirika, utekelezaji ukageuka kinyume chake, na mtu aliyeandika onyo ndiye aliyekuwa madarakani. Kisha ikaja enzi ya shule za kata na maboma. Utaratibu unajulikana: wanakijiji wanachanga mchanga, mawe, maji na nguvu kazi, wanainua kuta mpaka usawa wa lenta, halafu wanangoja halmashauri ilete bati. Bati likichelewa, mvua inashuka juu ya matofali. Wakati huohuo ambaye hakutoa mchango amekwisha kukamatiwa kuku na mgambo. Januari 2018 Rais John Magufuli alipiga marufuku michango ya lazima mashuleni, hatua iliyoonyesha jinsi kitu kilichoitwa kujitolea kilivyokuwa kimegeuka kodi isiyo na risiti.

Hapo linaingia pingamizi la pili, ambalo ndilo linalonisumbua zaidi. Kwa nini ni maskini peke yao wanaoshirikishwa? Jengo la hospitali binafsi jijini linapopanda, hakuna anayemwomba mkazi wa mtaa wa kitajiri kama Masaki aje na ndoo ya kokoto Jumamosi. Analipa, au serikali inalipa kutokana na kodi, na hakuna anayesema ameporwa fursa ya kumiliki jengo lake. Kwa mtazamo huu, sifa zote za nguvu kazi ya jamii ni njia ya kuwapunguzia wenye wajibu mzigo na kuwabebesha wasio na sauti. Nakubali zaidi ya nusu ya pingamizi hili. Ndiyo maana ujira wa Butaro una uzito kuliko hadithi ya jembe na tingatinga, ingawa hadithi ndiyo inayopendwa na watazamaji. Nisichokubali ni hitimisho kwamba watu wasiguse jengo lao kabisa. Mwaka 2001 msanifu Francis Kéré alikamilisha shule ya msingi katika kijiji chake, Gando, nchini Burkina Faso. Watoto walikusanya mawe ya msingi, akina mama wakaleta maji, na sakafu ikagandamizwa kwa mikono. Kéré alikuwa mtoto wa kijiji hicho, alikuwa ameanzisha chama cha kuchangisha fedha Ujerumani, na alilazimika kuwashawishi wenzake kwamba udongo, waliouona dhaifu mbele ya mvua, ungeweza kusimama. Walikuwa na sababu ya kumkatalia na walikuwa na nafasi ya kumkatalia. Waliporidhika, kazi yao ilikuwa sadaka kwa maana yake halisi, kwa kuwa sadaka ya kulazimishwa haipo katika dini yoyote ninayoijua.

Dalili nyingine ya ukweli wa ushirika huonekana baadaye, wakati wa tuzo. Shule ya Gando ilipata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu mwaka 2004, tuzo ambayo ina desturi ya kuwatambua pia wenye mradi, mafundi na wajenzi. Tuzo ya Pritzker, aliyoipata Kéré mwaka 2022 akiwa Mwafrika wa kwanza, humwendea msanifu. Sisemi kwamba hakuistahili. Nasema kwamba kampuni inayotangaza ushirikishwaji inaweza kuulizwa swali jepesi: ni nani wanaoandikwa kwenye kibao cha ufunguzi? Mara nyingi jina la mgeni rasmi limechorwa kwenye marumaru, na la fundi mkuu halipo hata kwenye faili la halmashauri.

Kuna atakayesema kwamba haya yote yanachelewesha, na mama anayejifungua leo hawezi kusubiri mikutano. Ni kweli kuuliza kunachukua muda. Lakini boma linaloota nyasi kwa miaka mitano lilichelewesha zaidi, na mwanzoni hakuna aliyelihesabu kama kuchelewa kwa kuwa kuta zilipanda haraka. Nchini Tanzania chombo cha kuuliza tunacho tayari. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 inautambua mkutano mkuu wa kijiji, wa kila mkazi aliyefikisha miaka 18, kuwa mamlaka ya juu ya kijiji. Wasanifu, wafadhili na wenyeviti wa vijiji wanaosoma haya wauletee mkutano huo mchoro ukiwa bado wa penseli, pamoja na bei ya kiwanja na ujira wa kila siku. Na katibu aandike kwenye muhtasari nani alikataa na kwa sababu gani, kabla ya lori la kwanza la mchanga kuingia kijijini.